Utepe wa Arlene

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kusema kweli wahenga hawakusema "maungo". Walitaja mahali penyewe kwa jina lake, bila haya. Lakini hadithi hii huenda ikasomwa na watoto, basi tupasitiri panapostahili kusitiriwa. Maana yake haina fumbo. Kitu cha mwenzio, hata kikupendeze namna gani, hakikukai sawasawa. Siku utakapoinama kufanya kazi kitapasuka, na watu wataona kile ulichodhani umekificha. Delmar Ochsner wa mji wa Cawder, Nebraska, aliinama mbele ya watoto ishirini na wawili wa darasa la tano.

Delmar alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, fundi wa mitambo ya kumwagilia mahindi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na bomba la kumshinda lilikuwa halijaundwa bado. Yeye na mkewe Arlene walikuwa wanachama wa kujitolea katika kikosi cha anga cha wilaya yao. Watu hao hukutana kila Jumanne jioni katika chumba kilicho nyuma ya banda la ndege, wamevaa sare walizojinunulia wenyewe. Hutafuta ndege zilizopotea na kufundisha watoto mambo ya anga, na hakuna anayelipwa. Delmar alijiunga kwa sababu Arlene alijiunga. Alitengeneza jenereta ya kikosi, akaendesha gari la redio, akanywa kahawa yao mbaya bila kulalamika. Kusoma hakukuwa fani yake. Msomaji alikuwa Arlene.

Arlene ndiye aliyekuwa na utepe wa elimu ya anga. Utepe huo ni kipande kidogo cha kitambaa cha rangi, huvaliwa juu ya mfuko wa kushoto, na mtu asiyejua angedhani ni pambo tu. Kumbe kuupata ni kazi. Ni lazima usome kitabu kinene kinachoanzia kwenye baluni za kwanza na kuishia kwenye vyombo vinavyozunguka sayari, kisha ujibu maswali mia moja na upate sabini. Arlene alikisoma majira mawili ya baridi, mezani jikoni, penseli mkononi. Tangu hapo, kila Aprili, Shule ya Msingi ya Cawder ilimpa saa moja. Alirusha roketi za chupa uwanjani, na watoto wakaisubiri saa hiyo kama wanavyoisubiri Krismasi. Mwezi wa Oktoba moyo wake ulisimama akiwa bustanini, na Delmar akabaki peke yake.

Februari iliyofuata, Kapteni Roberta Kuzelka, mkuu wa kikosi, aliinua barua mbele ya wanachama.

"Mwalimu Pruitt anauliza nani atakwenda mwaka huu," alisema. "Tusipopeleka mtu, ile saa wanapewa watu wa usalama barabarani."

"Nitakwenda mimi," alisema Delmar.

Kapteni Kuzelka alimtazama kwa upole. "Delmar, utaratibu wetu unaujua. Anayekwenda shuleni ni mwenye utepe. Kitabu umekisoma?"

"Nimeanza."

"Umeanza tangu mimi nikiwa na nywele!" akadakia Lyle Brandvold, dereva wa lori la maziwa, huku akipapasa upara wake. Watu wakaangua kicheko, na Delmar mwenyewe akatabasamu.

"Nitakimaliza," alisema. "Saa ile ni ya Arlene. Siwaachii watu wa taa za barabarani."

Alisema kwa moyo wake wote, na mtu asimdhanie vinginevyo. Lakini Machi ilifika na mitambo ya wakulima ikahitaji matengenezo kabla ya kupanda, na kitabu kikabaki mezani. Tuseme ukweli: si kazi iliyomzuia. Kila alipokifungua alikuta maandishi ya penseli ya Arlene ukingoni mwa ukurasa, moyo ukamuuma, akakifunga. Mtu aliyezika mke miezi mitano tu iliyopita anaweza kusamehewa hilo. Kosa lake ni lile alilolifanya baadaye.

Tepe za sare hushikwa na kibati kinachobanwa juu ya mfuko, chenye nafasi tatu. Delmar alikuwa na tepe mbili, na nafasi ya tatu ilikuwa wazi kama pengo la jino. Jumanne moja mwanzoni mwa Aprili alifungua kabati, akaitazama sare ya Arlene iliyoning'inia palepale alipoiacha, akauchomoa utepe wake na kuuingiza penye pengo. Ulikaa vizuri. "Mtihani nitaufanya baadaye," alijiambia. "Hapa nimetangulia kidogo tu."

Kapteni Kuzelka aliuona mara tu Delmar alipoingia. Alimpa mkono mbele ya kikosi kizima. "Hongera sana! Umepata ngapi?"

"Za kutosha," alijibu Delmar, akitazama viatu vyake.

Kapteni hakwenda kuangalia kumbukumbu za kikosi. Kwa miaka yote aliyomfahamu, Delmar hakuwahi kusema uongo isipokuwa ule wa urefu wa samaki, ambao kila mwanamume wa Cawder anausema. Jioni hiyohiyo Kapteni aliiandikia shule kwamba Delmar atakwenda. Lyle alileta runza za moto, mikate iliyojazwa nyama na kabichi, kumpongeza mwenzake. Delmar alikula nusu ya moja, akairudisha sahanini.

Siku ikafika. Delmar alikuwa ametengeneza kiunzi cha kurushia roketi kwa mabomba yake mwenyewe, na kilikuwa kizuri kuliko kile cha Arlene. Watoto walipanga mstari uwanjani. Mwalimu Pruitt, mwanamke mwembamba asiyependa kupoteza dakika, alisimama karibu kabisa. Delmar alichukua chupa ya plastiki akaijaza maji mpaka shingoni. Fundi wa maji huamini maji. Aliona kwamba yakiwa mengi, nguvu nayo itakuwa nyingi. Akaifunga, akaigeuza juu chini, akaanza kupampu hewa. Pampu ikagoma mara moja. Akaikandamiza kwa uzito wake wote, kisha akavuta kamba ya kuifyatua.

Chupa ilipanda kimo cha mbwa. Ikaanguka, ikabingirika, ikamimina maji yake yote ndani ya viatu vya Mwalimu Pruitt.

Watoto walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mmoja tu hakucheka, msichana aliyeitwa Maribel Ontiveros, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa msaidizi wa Arlene siku ya roketi.

"Bwana Ochsner, umejaza kupita kiasi," alisema. "Bi. Ochsner alikuwa anatia theluthi tu."

"Maji mengi, nguvu nyingi, binti."

"Sasa mbona haikuruka?"

Delmar akaiokota chupa. Maribel alimtazama kifuani.

"Lakini una utepe kama wake. Alituambia huo haupewi mtu mpaka asome kitabu kizima. Wewe hukusoma?"

Msichana hakuwa na nia mbaya. Aliuliza alichotaka kujua, basi. Delmar angeweza kuisingizia chupa, au upepo, na Nebraska haikosi upepo wa kusingiziwa. Uso ulimwiva, masikio yakamwiva.

"Sikusoma," alisema. "Huu ni wake. Nimeuazima."

Akauchomoa pale pale, akautia mfukoni.

"Angekasirika?" aliuliza Maribel kwa sauti ndogo.

"Angenicheka kwanza. Halafu angekasirika."

Mwalimu Pruitt alivua kiatu, akamwaga maji. "Bwana Ochsner," alisema, "shule inafungwa tarehe ishirini na mbili Mei. Ukiwa tayari kabla ya hapo, njoo. Usipokuja, saa hii si yenu tena."

Delmar hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la vyakula vya mifugo alikofanya kazi Kapteni Kuzelka, akamweleza yote akiwa amesimama kati ya magunia. Kapteni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikupa mkono mbele ya kikosi kizima," alisema.

"Ndiyo."

"Nikaiandikia shule kwa jina langu."

"Ndiyo, Kapteni."

"Basi vua na zile tepe mbili zako. Mpaka utakapokuwa na ya tatu yako mwenyewe, kila Jumanne utakuja kifua kitupu, na wote watakuona."

"Sawa."

Alikuwa amefika mlangoni Kapteni alipomwita tena. "Kitabu unachosoma ni kile cha Arlene? Alichokiandikaandika?"

"Ndicho," alisema Delmar. "Ndiyo maana sikisomi."

Kapteni aligeuka akaanza kupanga magunia yaliyokwisha kupangwa. "Kisome hichohicho," alisema.

Delmar akakisoma. Alikisoma ndani ya gari lake la kazi wakati wa chakula cha mchana, pembezoni mwa mashamba, huku mkate wake ukikauka kando. Sura za kwanza zilimtoa jasho. Alipofika penye maelezo ya bawa na jinsi hewa inavyolinyanyua, alikataa. Haiwezekani, alisema kwa sauti. Ndipo alipoyaona maandishi ya Arlene ukingoni: "Hapa Delmar atabisha. Aonyeshwe kwa kijiko na bomba la jikoni."

Alikwenda nyumbani. Akafungua bomba, akashika kijiko kwa ncha ya mpini kikaning'inia, akakisogeza mpaka mgongo wa kijiko ukagusa maji yanayotiririka. Alitarajia maji yakisukume. Yalikivuta, kama hewa ipitayo mgongoni mwa bawa inavyolivuta juu. Akarudia mara tatu, na mara tatu kijiko kikavutwa. Delmar akacheka peke yake jikoni, kisha akalia kwa kwikwi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi. Alipomaliza alifunga bomba, akarudi kwenye ukurasa. Kuanzia siku hiyo maandishi yale hayakumfukuza tena, aliyatafuta. Katika sura ya roketi alikuta mstari uliokolezwa mara mbili: "Theluthi! Hewa ndiyo inayosukuma. Maji ni ya kusukumwa."

Mtihani wa kwanza aliufanya mwanzoni mwa Mei. Unaruhusiwa kufanywa kitabu kikiwa wazi, na wapo wanaodhani kwa hiyo ni mteremko. Lakini asiyejua kitu hajui hata ukurasa wa kufungua. Delmar alipata sitini na nne.

"Sitini na nne, na kitabu mapajani?" Lyle alishika kichwa Jumanne hiyo. "Mzee, ng'ombe wa kwenye njia yangu wangepata sabini!"

"Waambie waje Jumanne ijayo, viti vipo," alisema Delmar, kifua chake kikiwa kitupu mbele ya wote. Alirudi kwenye gari lake na kuanza tena sura ya tano.

Mara ya pili alipata themanini na tatu. Arlene alikuwa amepata themanini na nane, na Delmar aliona hivyo ndivyo ilivyopasa. Safari hii Kapteni Kuzelka aliitoa karatasi ya matokeo kwenye kumbukumbu na kuisoma kwa sauti, swali kwa swali lililokosewa, mpaka Lyle akaomba huruma kwa niaba ya Delmar. Kisha akamrudishia kibati chake, na utepe wa tatu ukiwa mpya, umetoka kwenye bahasha ya posta.

"Lakini hata kitabu kilikuwa cha kuazima!" alipiga kelele Lyle kutoka nyuma.

"Kitabu ni chake," alisema Delmar. "Kilichosoma ni kichwa changu."

Tarehe ishirini Mei alisimama tena uwanjani. Mwalimu Pruitt alisimama hatua kumi nyuma, amevaa buti za mvua. Maribel alipima theluthi ya chupa kwa rula na kuweka alama. Delmar akapampu, na safari hii pampu ilikwenda kwa raha. Akavuta kamba. Chupa ilipiga mluzi, ikapita paa la shule, ikapita ncha ya mlingoti wa bendera, na maji yakawanyeshea watoto waliokuwa wakipiga kelele za furaha.

"Kwa nini imeruka?" aliuliza Maribel, mikono kiunoni, kama mkaguzi.

Delmar akamweleza. Alieleza habari ya hewa iliyobanwa ikitaka kutoka, ya maji yanayorushwa chini na chupa inayosukumwa juu, akachora mchangani kwa kidole. Watoto wakauliza, akajibu. Walipouliza asilolijua, alisema hajui na akaliandika kwenye kiganja chake ili akalisome. Saa ikaisha hawajamaliza chupa. Mwalimu Pruitt alifungua kalenda yake, akapekua mpaka Aprili ya mwaka ujao, na Delmar akamwona akiandika: "Ochsner, saa moja."

Alipofika nyumbani alifungua kabati. Utepe wa Arlene ulikuwa umerudi kwenye sare yake tangu ile siku ya aibu, rangi zimepauka kidogo kwa jua la Aprili nyingi. Akavua koti lake akalitundika kando yake, utepe mpya karibu na ule wa zamani, kila mmoja kifuani mwa mwenyewe. Aliutazama wake kwa muda. Themanini na tatu, si themanini na nane; lakini huo hata mtoto wa darasa la tano hawezi kumvua kwa swali, ilhali ule wa kwanza ulimwacha uchi mbele ya ishirini na wawili. Kweli, nguo ya kuazima haisitiri maungo.