Jumbe Kitatange Akosa pa Kuficha Uso

Wenye masikio mpo?

Tupo.

Na wenye njaa mpo?

Tupo.

Basi njaa ingoje, masikio yaje mbele. Na wewe uliyelala chali, kaa kitako, sisimulii maiti.

Hapo zamani, si zamani sana, maana mimi nilikuwapo na meno yangu yote, palikuwa na vitatange watatu ndani ya tangi moja la kioo. Kitatange mnamjua, yule samaki bapa wa kwenye matumbawe, mwenye rangi kama kanga mpya. Wa kwanza alikuwa mkubwa kama sahani, wa buluu mwenye mistari ya manjano, na machoni ana weusi kama kavaa miwani. Huyo tulimwita Jumbe. Wa pili alikuwa mweusi, wa makamo, mtaratibu. Huyo tulimwita Bi Kaniki. Wa tatu alikuwa mdogo, hajazi hata kiganja changu, zambarau huku na chungwa huku. Huyo tulimwita Kipini, kama hiki cha puani kwangu.

Tangi lilikuwa la ndugu yangu Mbwana, kinyozi wa Ngamiani, kule Tanga. Aliliweka dukani ili wateja wanaosubiri zamu wapate cha kutazama. Maji aliyachota baharini kwa madumu, chini akapanga mawe ya matumbawe yenye mapango, pembeni akatia boksi la kuchujia maji na pampu ya hewa, nayo kutwa inasema bulubulu, bulubulu.

Sasa hapa naona haya, lakini nitasema. Makame mzamiaji, aliyetuletea samaki, alituambia waziwazi kwamba vitatange hawapendani. Akasema ukitaka kuwaweka pamoja, tanguliza mdogo, apate pake, kisha wa makamo, na mkubwa aingie mwisho kabisa, akute wenzake wana nyumba zao. Mbwana akanitazama. Mimi nikafungua mdomo wangu huu. Nikasema, tangu lini mtoto akaingia ndani na mkubwa kasimama nje? Mkubwa hukaribishwa kwanza, akaketi, akanawa, ndipo wengine wakafuata. Mbwana akaona nimesema la maana. Tukamtia Jumbe peke yake mwezi mzima, na wadogo wakaja baadaye. Nilimpa samaki heshima ya mzee wa mtaa.

Basi siku wadogo walipoingia, Jumbe akaja kuwapokea.

"Hapa pangu," akasema Jumbe.

"Na pale?" akauliza Kipini.

"Pale pangu."

"Na kule kwenye kona?"

"Kule pangu, na maji ya katikati yangu."

Kitatange mkubwa akikasirika hutoa mlio, ndu! ndu! kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Na shavuni ana mwiba. Kila siku Mbwana alibana mwani kwenye ukingo wa kioo kwa kibanio cha nguo. Kaniki akisogea, ndu! ndu! Kaniki nyuma. Kipini akisogea, ndu! ndu! Kipini nyuma. Jumbe anakula, anashiba, kisha anaulinda uliobaki mpaka duka linafungwa. Kaniki pezi lake lilichanika. Kipini ikafika siku ya tatu hajatia kitu mdomoni, tumbo limeingia ndani, na alijua kwamba zikipita siku mbili nyingine hivyo hivyo, ataelea juu ubavu.

Lakini Kipini alikuwa na macho. Mbwana alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla hajachomeka mashine ya kunyolea, alihesabu samaki. Siku ya pili Kaniki alikuwa amejificha nyuma ya lile boksi kwa woga. Mbwana akahesabu, akaona wawili. Roho ikamruka, maana samaki akifia ndani anaoza na maji yote yanaharibika. Akakunja mikono ya shati, akatoa mawe yote, moja moja, akayatia kwenye beseni. Alipomwona Kaniki mzima akashukuru, akayarudisha mawe, lakini hakukumbuka lipi lilikaa wapi. Na asubuhi ile Jumbe hakumpiga mtu. Alikuwa anazunguka kama aliyeshuka kituo kisicho chake. Angemfukuza nani, naye hajui kwake ni wapi? Kipini aliliona hilo, ingawa siku ile bado aliogopa kusogea, akaliweka moyoni.

Siku ya nne Kipini akaenda kwa Kaniki, akamnong'oneza. Kisha akajibana nyuma ya boksi, kimya.

Mbwana akaja. Moja, mbili. Akarudia. Moja, mbili. Akakunja mikono ya shati. Jiwe la kwanza, chubwi, nje. Jiwe la pili, chubwi, nje. Mpaka la mwisho. Jumbe akabaki katikati ya maji matupu, maana nyuma ya boksi hapamtoshi. Mteja mmoja aliyekuwa kanyolewa nusu ya kichwa aliinuka na shuka yake shingoni, akaja kutazama, akasema jitu lote hili halina hata pa kuficha uso. Duka zima likacheka. Baharini, mwenye aibu huingia kwenye ufa wa jiwe, yakaisha. Humo kuta ni nne, na zote zinaonyesha ndani. Jumbe aligeuka huku, akakuta watu, akageuka kule, akakuta watu, na buluu yake ikaanza kufifia.

Kipini akajitokeza mzima, mawe yakarudi. Mchanga haujatulia, Kipini keshaingia kwenye pango lililo bora kuliko yote. Jumbe akaja akiuliza.

"Shikamoo Jumbe," Kipini akasema akiwa mlangoni.

"Marahaba. Hapa kwa nani?"

"Kwangu. Karibu."

Jumbe angempigaje mtu aliyemwamkia, akamkaribisha, na watu wanatazama? Akapita. Akafika jiwe la pili, akamkuta Kaniki. Shikamoo Jumbe, hapa kwangu, karibu. Akapita.

Siku ile wadogo walikula. Lakini ilipofika alasiri Jumbe alikuwa ameshalizoea tangi upya, na ndu! ndu! zikarudi. Basi kesho yake Kipini akajibana tena nyuma ya boksi. Moja, mbili. Mikono ya shati. Chubwi, chubwi. Watu wakacheka. Shikamoo Jumbe, hapa kwangu, karibu. Na keshokutwa vilevile. Siku hiyo ya tatu Kipini alimfuata Jumbe pembeni na uso wa huruma.

"Jumbe, nikwambie neno, hutakasirika?"

"Sema."

"Watu hawacheki kwa sababu huna nyumba. Wanacheka unavyokula. Wanasema, jumbe mzima, anagombania kibanio cha nguo."

Jumbe akawageukia watu walio nje ya kioo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Wanasema hivyo?"

"Ningekuwa wewe, nisingekula mbele yao."

Na duka la kinyozi lini halina watu? Mwani ulibanwa likifunguliwa, ukaondolewa likifungwa. Jumbe akaenda kwenye kona, akaelekeza uso ukutani, asisogee tena kwenye kibanio. Kaniki akala. Kipini akala, akashiba, tumbo likawa duara. Siku ya tano ya kushiba kwake, Kaniki alisogea kwenye mwani, na Kipini bila kufikiri akamwambia, "Hapa pangu." Hata mlio akautoa, ndu, ndu, kadogo. Kaniki hakurudi nyuma. Alimtazama tu, akamtazama, mpaka Kipini akaona aibu, akampisha.

Hapo ndipo alipomtazama Jumbe vizuri. Buluu ilikuwa imekuwa majivu. Mbavu zinahesabika. Kipini alitaka kula, hakutaka kuua. Akaenda kwenye kona, akauambia mgongo wa Jumbe, maana uso haukugeuka:

"Nilikudanganya. Hakuna aliyecheka unavyokula."

"Wewe ulidanganya," Jumbe akasema. "Lakini mimi nilikuwa nakunyima kweli."

Akabaki hivyo hivyo, uso ukutani. Kipini alirudi pangoni kwake, akakaa humo, na lile pango likamchosha.

Siku hizo Makame mzamiaji akapita dukani. Alitazama tangi, akatutazama sisi, hata salamu hakutupa. Akauliza ni nani aliyeingizwa kwanza. Mbwana akatazama chini. Mimi niliiona kanga yangu imekaa vibaya ghafla, nikaanza kuitengeneza. Makame akasema mkubwa huyu arudishwe kwao kabla hajafa, na akasema tumpeleke wenyewe, yeye hana nafasi.

Tukampeleka. Mbwana akashika ndoo upande huu, mimi upande huu, tukashuka mpaka pwani, maji yamekupwa. Tukatembea hadi kwenye mawe, maji magotini, tukaiinamisha ndoo. Jumbe alisimama kidogo. Kisha akapiga mkia, akaingia chini ya jiwe la kwanza aliloliona. Mimi nilimtakia heri, na sikuweza kumwambia samahani, maana Mbwana alikuwepo na angenicheka.

Mbwana aliporudi dukani akawasimulia wateja, na sauti yake mnaijua, hata waliomo majini walisikia. Kipini akasikia kwamba aliyeshindwa kapewa bahari nzima. Na yeye aliyeshinda kabakia na pango moja, na kioo pande nne, na watu wanaonyolewa. Siku ile hakula. Kesho yake aliamka akasema hali tena, naye atajielekeza ukutani mpaka abebwe. Saa sita mchana njaa ikamshinda. Akaenda kwenye kibanio. Kaniki alikuwapo. Wakala, mmoja upande huu, mmoja upande huu, hawatazamani.

Funzo lake sasa, maana nyie bila funzo hamniachi nikapakue wali. Funzo ni hili: wanangu, kuweni walafi. Mpigeni mdogo, mnyimeni chakula, semeni kila mahali ni penu. Mkifanya hivyo vizuri mtabebwa na watu wazima wawili mpaka baharini. Lakini mkiwa na akili, shauri yenu, mtakaa humo humo.

Unasema nini wewe? Kwa nini hatukuwabeba wote watatu?

Mbwana alisema wateja watatazama nini. Mimi nikanyamaza. Ndoo ilikuwa na nafasi.

Haya, hadithi imefika mlangoni na viatu imevaa. Aliyeisikia aende nayo, na anayetaka kunitazama asinitazame.