Hatua ya Kwanza ya Nakundwa

Hapo zamani, na anayetaka tarehe akamuulize mwalimu wangu, ambaye nilimwacha darasa la tano akiwa bado na mengi ya kujifunza, palikuwa na mji wa wahunzi chini ya milima. Wahunzi hao hawakugonga chuma kwa nyundo. Walitandaza unga wa chuma, wakaupitishia mwali wa moto mwembamba kuliko unywele, unga ukashikana. Wakatandaza tena, wakachoma tena. Tabaka juu ya tabaka, hadi kitu kikasimama: jembe, kengele, hata goti la mtu.

Ndiyo, goti. Mkimaliza kucheka tutaendelea.

Nakundwa alishuka sokoni na mzigo wa ndizi, akaanguka, goti likasagika. Kwao kulikuwa juu kabisa, na njia ilipanda mwambani ambako machela haipiti. Basi alikaa mlangoni kwa wahunzi, kila asubuhi macho mlimani.

"Ule moshi ni wa mama," alisema. "Mzito hivyo, ni makande. Na mimi niko huku nakula ugali wa watu."

Mila ya huko ilikuwa hivi: mgonjwa wa mguu akiinuka, hatua yake ya kwanza humwendea aliyemwinua. Huyo huwa ndugu yake, hupanda naye hadi kwao, hukalishwa jikoni kwa mama kama mtoto wa tumboni. Na hatua ya kwanza ni moja tu, haigawanywi.

Mjini walikuwapo wapimaji watatu wa ngozi ya chuma, waliokagua kila kazi ya wahunzi kabla haijatumika: Mbonea, Kadeghe na dada mmoja, Nambike. Wahunzi walikuwa na mama zao; hawa njaa iliwaleta wangali wadogo, wakakua bila mtu wa kuwaita kula. Kila mmoja aliitaka hatua ile mpaka usingizi ukamkimbia.

Wahunzi wakamjengea Nakundwa goti la chuma. Goti lina nyuso mbili. Unaosuguana sharti uteleze kama jiwe la mtoni. Unaoshikana na mfupa sharti ukwaruze, mfupa upate pa kung'ata.

Mbonea akaja na sindano yake. Aliikokota juu ya uso wa kuteleza, akasikiliza inavyopanda na kushuka. "Laini! Mvisheni dada yangu."

Kadeghe akacheka. "Bwana wee, umekokota ukifuata matabaka! Anayetembea juu ya tuta moja la shamba si atasema mlima ni tambarare? Katiza!" Akalaza taa yake ubavuni mwa chuma. Vivuli vikaonyesha ngazi kwa ngazi, na punje za unga zimeng'ang'ania kama ukoko. Wahunzi wakasugua hadi ngazi zikatoweka.

"Sasa mvisheni," akasema Kadeghe.

"Taa yako imeona paa, kaka," akasema Nambike. "Na ndani ya nyumba?" Yeye alikuwa na miali inayopenya chuma kama jua linavyopenya kanga. Chini ya ngozi ile nzuri akaona shimo limejaa unga mbichi. "Akipanda mlima litapasuka, unga umwagike nyamani."

Goti likatupwa. Likajengwa jingine, likasuguliwa hadi likang'aa. Taa ya Kadeghe ikamrudia machoni, asione kitu. Miali ya Nambike ilitafuta mashimo, isiyakute, ila mkwaruzo mdogo wa juu haikuweza kuuona. Mbonea akaleta sindano, safari hii akakatiza. "Hapa bado. Hapa bado. Basi! Mkiongeza mtaliharibu."

Goti likavishwa, mfupa ukang'ata, kidonda kikafunga. Siku ya kuinuka ikafika. Watatu wakasimama pande tatu, mikono wazi.

"Nilikosea, sikatai," akasema Mbonea. "Lakini neno la mwisho lilitoka kwa nani? Njoo huku, dada. Nimezeeka sijaambiwa hata siku moja: Mbonea, chakula kimeiva."

"Ningenyamaza," akasema Kadeghe, "goti lingekusaga kama mahindi. Mimi sijui jiko la mama linanukiaje. Nionjeshe."

"Hawa walipima uso," akasema Nambike. "Mauti yako yalikuwa ndani, nikayaona mimi. Sitaki sifa. Nataka kulala mahali nitakapoamshwa kwa jina langu."

"Jamani," akasema Nakundwa, machozi yakimtoka, "mama ni mmoja na mguu ni mmoja."

Akauinua. Mguu uko hewani hadi leo, maana kila ninaposimulia hapa, wasikilizaji hugombana, nami ndiye ninayebaki nimeushikilia, na mikono yangu, ingawa hakuna yenye nguvu kama hii wilaya nzima, imechoka. Basi nisaidieni ateremshe unyayo, aende kwao. Je, kati ya Mbonea, Kadeghe na Nambike, ni nani aliyeistahili hatua ile?