Kisogo cha Mkurugenzi

Bwana Wabwile, mkurugenzi wa mifugo wa kaunti, alikuwa na sauti ya fahali. Cheo cha mkuu wa chanjo kilipotokea, alimpa mpwa wake aliyeogopa hata mbuzi. Nekoye, aliyechanja ng'ombe wa kaunti nzima miaka nenda miaka rudi, akaenda mahakamani.

"Utaniweza?" Wabwile akamcheka. "Nitaapa kwamba usaili ulifanywa nawe ukaanguka. Una shahidi?"

"Sina, bosi."

"Wakili?"

"Wakili nitamtoa wapi? Nitakuja na mama mmoja tu wa kunishika mkono, maana naogopa."

"Mlete hata nyanya yako! Basi na mimi sihitaji wakili. Nitakumaliza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Siku ya kesi, Wabwile aliingia kortini kifua mbele. Akatupa macho benchi la mbele, akageuka, akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Karani akaita jina lake mpaka sauti ikamkauka. Jaji akasubiri, akachoka, akafuta uteuzi wa mpwa na kuamuru usaili ufanywe upya, hadharani.

Nje, bibi kizee aliyekuwa ameketi na Nekoye akauliza, "Mwanangu, yule aliyekimbia, mbona kisogo chake kama cha mume wa binti yangu? Usoni simjui, ila kisogo nakijua sana."

"Ndiye, mama," Nekoye akasema, akimkabidhi kile kiatu ampelekee bintiye. "Ana adabu kweli. Mkwe gani wa kwetu angethubutu kuketi chumba kimoja na mamamkwe?"