Nguchiro Agawa Nyati kwa Tishu

Wanangu, msinicheke. Nimetembea toka Kigoma mpaka Lamu, lakini aibu yangu kubwa ilinipata ukweni, nilipopewa kisu nigawe mbuzi. Nikamkabidhi mama mkwe kwato mbili, paja nikajiwekea. Kugawa nyama ni elimu, na mwenye elimu hiyo ni Nguchiro.

Hapo kale, kale ya zamani hasa, Simba, Fisi na Nguchiro waliangusha nyati. Nguchiro alikuwa na watoto watatu, hawajala siku mbili. Kwa desturi ya mbuga, mdogo hula mabaki. Na Fisi, kwa huruma yake, huwa haachi mabaki.

"Gawa wewe," Simba alisema akipiga miayo. "Si ulifagia shule ya madaktari wa binadamu?"

"Nilifagia, mzee, na masikio nilikuwa nayo. Mwili wa binadamu una tishu za aina nne, na nyati ni hivyo hivyo. Kuna ya kufunika: ngozi, utando wa mdomo, bitana ya utumbo. Kuna ya kuunganisha: mifupa, gegedu, kano, mafuta, hata damu. Kuna ya neva: ubongo, uti wa mgongo na nyuzi zinazopeleka habari mwili mzima. Halafu misuli, basi."

"Misuli tu?" Fisi aliuliza.

"Tu, dada. Maskini, haina hata wenzake."

Fisi akahesabu kwa vidole. "Ya kuunganisha ni yangu. Vitu vitano."

"Ya kufunika ni yangu," alisema Simba. "Mfalme hufunika wote. Na neva pia, maana ubongo ndio hutawala."

"Busara hiyo haifundishwi, mzee. Mimi mnyonge nitavumilia misuli."

Simba akanguruma mbuga nzima isikie: mgao umepita, haurudiwi.

Kisu kikaanza, chwa, chwa, chwa. Paja kwa Nguchiro. Sarara kwa Nguchiro. Ulimi kwa Nguchiro.

"Moyo je?" Simba aliuliza, sauti imepungua.

"Misuli ya moyo, mzee. Hiyo haipatikani pengine popote mwilini."

"Na utumbo?" Fisi alidakia.

"Bitana ni ya mzee. Ukuta wake ni misuli laini, ile inayofanya kazi bila kuamrishwa. Sawa na mama yangu."

Watoto watatu wakaburuta nyama nyumbani, kwarara, kwarara. Fisi akabaki amekumbatia mifupa. Simba akabaki na ngozi begani, mfalme kamili.

"Nguchiro, nyama yangu iko wapi?"

"Asiyekijua kitu asikimbilie kukichagua, mzee. Tafuna ngozi."