Nafasi Moja ya Walimu wa Ukunga

Hii isikilizeni mpaka mwisho, mkubwa na mdogo. Atakayejibu mapema ajue kuna mtu amemsahau.

Katika chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu, kule ambako asubuhi watu hutoa moshi mdomoni kwa baridi, walikuwepo walimu watatu wa ukunga walioajiriwa kwa barua ya muda. Barua ya muda ni ya muhula mmoja tu, wiki kumi na tano. Wiki zikiisha, mwalimu anarudisha kitambulisho getini, anakwenda nyumbani na kusubiri simu. Simu inaweza kupigwa, inaweza isipigwe. Walimu wa kudumu walikuwa na ofisi zenye majina mlangoni. Hawa watatu walikaa katika stoo ya vifaa, meza moja na viti viwili. Aliyechelewa alikalia boksi la glovu.

Wa kwanza ni Mwalimu Ambokile. Kipaji chake kilikuwa kufundisha jicho. Alichemsha maua ya rozela, akamwaga maji yake mekundu juu ya khanga mbele ya darasa, kidogo kidogo, akiuliza, "Hii ni damu ya kawaida au ya hatari?" Aliuliza mara kumi, mara ishirini, mpaka wanafunzi wakampa jina la Mzee Narudia. Aliyekosea hakuchekwa. Ambokile alimwambia tu, "Umekosea kwenye khanga, hujakosea kwa mtu. Narudia." Alikuwa amepewa barua kumi na nane, miaka tisa.

Wa pili ni Bi Ngailo, mkunga mstaafu. Digrii hakuwa nayo, lakini watoto aliowapokea wangejaza uwanja wa mpira. Kipaji chake kilikuwa mikono. Alishona mji wa mimba kwa blanketi kuukuu, akaujaza sponji, na kila mwanafunzi aliusugua mpaka mikono ijue yenyewe.

Wa tatu ni Madam Sekela, mdogo wao, mwenye shahada mbili. Barua yake ilisema afundishe kuandika ripoti za wagonjwa. Yeye kila kipindi alikata dakika kumi na tano za mwisho akafundisha kuzungumza na mgonjwa: namna ya kuinama ili macho yenu yalingane, kumwita kwa jina lake, kumwambia unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Mkuu wa idara, Dakta Mahenge, alimwonya mara mbili kwamba hayo hayamo kwenye mtaala. Sekela aliitikia, "Ndiyo, Dakta," na kipindi kilichofuata akaendelea.

Sasa, palikuwa na mwanafunzi anaitwa Ikupa. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na kila mtihani wa vitendo mikono yake ilipishana kama watu wanaogombania mlango. Akafeli. Akaambiwa atarudia mtihani baada ya wiki tatu, asipofaulu arudi kwao.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo barua ya Bi Ngailo ilikuwa imeisha. Jumatatu Ikupa akabisha hodi nyumbani kwake.

"Mwanangu, mimi si mwalimu tena," alisema Bi Ngailo. "Kitambulisho nimerudisha."

"Najua, bibi. Nimekuja tu kukusalimia."

"Mtu anakuja kusalimia na koti jeupe kwenye mfuko? Ingia."

Wiki mbili nzima walifanya kazi na lile blanketi. Bi Ngailo alijifunza kwanza kutumia mkono wake mwenyewe wa kushoto, ili aweze kumwonyesha. Ikupa akafaulu, akapangiwa mafunzo ya vitendo katika zahanati moja ya milimani.

Siku moja muuguzi wa zahanati alikwenda wilayani kuchukua chanjo. Saa nane mchana akaletwa mama anaitwa Enesia, uchungu umeshika, na mama mkwe wake pembeni. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, akalia vizuri. Kondo la nyuma likatoka zima. Mama mkwe akaanza kukunja vitu vyao.

Ikupa akatazama khanga iliyokuwa chini ya Enesia. Ilikuwa imelowa mpaka inadondosha. Akasikia kabisa kichwani, "Narudia." Hakusubiri khanga ya pili. Alijua kwamba mji wa mimba umelegea, na kwamba hapo zinahesabiwa dakika. Akachoma sindano ya kuukaza, akapeleka mkono tumboni.

Mama mkwe akaudaka mkono. "We binti, muache apumzike! Hiyo ni damu ya uzazi, inasafisha. Mimi nimezaa saba."

Na Enesia mwenyewe akafunga magoti, akasema kwa sauti ndogo, "Usiniguse. Nimechoka."

Ikupa akapiga magoti chini, uso kwa uso naye. "Enesia. Naitwa Ikupa. Mwanao amelia, umemsikia? Anataka kunyonya. Damu inatoka nyingi kuliko inavyotakiwa. Nitakusugua tumbo, itauma, na nitakuambia kila ninapoanza. Mama, wewe uliyezaa saba, mshike mkono mwenzio. Nguvu zako nazihitaji."

Mama mkwe aliachia mkono wa Ikupa, akashika wa Enesia. Magoti yakafunguka.

Ndipo mikono ikafanya kazi. Wa kushoto juu, wa kulia chini, kama kwenye blanketi. Ikupa alisugua na kukandamiza bila kuacha, mpaka akahisi tumbo limekuwa gumu kama mpira. Damu ikapungua, ikakata. Muuguzi aliporudi alimkuta Enesia ananyonyesha, na mama mkwe anampepea Ikupa kwa kipande cha boksi.

Mganga mkuu wa wilaya akaandika barua ya shukrani kwa chuo. Wakuu wa chuo wakafurahi, wakaipa idara ya ukunga nafasi moja: mkataba wa miaka mitatu, wenye likizo, bima na jina mlangoni. Sharti lilikuwa kwamba apewe mwalimu aliyemwandaa binti huyo. Jina lifike Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Lisipofika, nafasi inakwenda idara nyingine.

Dakta Mahenge akawaita wote watatu mbele ya kamati.

"Jicho lilitangulia," alisema Ambokile. "Asingeona, angemsaidia mama huyo akusanye nguo aende nyumbani kufa."

"Kuona damu hata paka anaona," alijibu Bi Ngailo. "Mzee Narudia, ungemwaga rozela mpaka masika yaishe, mama angekwisha. Mikono ndiyo iliyozuia."

"Shikamoo mikono," alisema Sekela, na wote wakacheka kidogo. "Lakini mngepitia wapi, bibi yangu, mwenye tumbo amekataa?"

Katibu wa kamati alikuwa mtu wa kanuni. Akafungua faili. "Bi Ngailo, ulipomfundisha hukuwa mwajiriwa wetu. Kazi hiyo chuo hakiwezi kuihesabu. Madam Sekela, ulichofundisha hakimo kwenye mtaala, na ulionywa. Anayebaki ni Mwalimu Ambokile."

Mjumbe mmoja akainua mkono. "Ambokile alifanya kile kile kilichoandikwa kwenye barua yake. Anayetimiza wajibu tunamshukuru. Wale wawili walitoa kisichodaiwa."

"Kwa hiyo kutimiza wajibu miaka tisa ni kosa?" aliuliza Ambokile. Hakuuliza kwa hasira. Ilikuwa sauti ile ile ya darasani.

Katibu akafunga faili. Wakamwita Ikupa.

"Binti," alisema katibu, "tusaidie. Kama ungemkosa mwalimu mmoja kati ya hawa, yupi angekugharimu zaidi?"

Ikupa aliwatazama walimu wake mmoja mmoja, kisha akamgeukia Dakta Mahenge. "Dakta, hapo ni sawa na kuniuliza Enesia angekufa kwa njia ipi."

Kamati ikavunjika bila jina. Kanuni ikasema, kamati ikishindwa, mkuu wa idara ataamua peke yake.

Ijumaa ikafika, saa tano na nusu. Dakta Mahenge yuko ndani na fomu yenye nafasi ya jina moja. Nje, kwenye benchi, wamekaa watatu. Bi Ngailo anatetemeka kwa baridi, na Sekela amemvika sweta lake. Ambokile amenunua hindi moja la kuchoma. Amelikata vipande vitatu, na kile kikubwa amekiweka upande wa Sekela. Barua zao zote zimekwisha. Kwa wawili kati yao, simu huenda isipigwe tena. Dakta amewaona dirishani, na kalamu ameiweka chini kwa mara ya nne.

Haya, ninyi mliosikiliza. Yupo aliyefundisha jicho, kwa uaminifu wa miaka tisa, kama alivyotumwa. Yupo aliyefundisha mikono, wakati hakuna aliyekuwa amemwajiri. Yupo aliyefundisha ulimi, huku akikatazwa. Angepungua mmoja, mtoto yule angenyonya kwa nani?

Okota hiyo kalamu. Utaandika jina la nani? Na ukishaandika, ukafungua mlango, wale wawili utawaambia nini?