Mkimbiza Wimbi

Mkimbiza wimbi huacha lango wazi.

Leo asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimwambia Mpili maneno hayo, na Mpili akanuna, kwa sababu alikuwa ameacha maharage motoni akaenda kutazama trekta lililozama topeni. Trekta halikutoka, na maharage hayakulika. Sasa mnaniuliza maneno haya yametoka wapi. Haya, sogeeni. Na wewe Mpili usikae hapo mlangoni, huendi popote. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Nyakindu, na siku iliyoizaa ilikuwa siku ya bamvua.

Kwanza mjue mpunga wa zamani ulivyokunywa maji. Huku kwetu kwenye midomo ya mto, mvua ikikatika, watu walingoja bamvua, zile siku ambazo mwezi umeandama au umekuwa mpevu na bahari hujaa mpaka ikakosa pa kukaa. Ikikosa pa kukaa, hupanda mtoni. Lakini bahari ina adabu zake, haiji yenyewe kwanza. Huutanguliza mto. Huyasukuma maji matamu yarudi yalikotoka, kama mama mkwe anavyomsukuma bwana harusi aingie ndani, huku mwenyewe yuko nyuma yake. Na mkorofi ni yule wa nyuma.

Basi kila mwenye shamba alikuwa na mfereji, na kwenye mdomo wa mfereji palikuwa na lango la mbao lililozibwa kwa tope. Wimbi likipita, unachota maji kwa kiganja, unaonja. Yakiwa matamu unanyanyua mbao, majaruba, vile vitalu vya mpunga, yanakunywa. Lakini huondoki. Unakaa pale pale unaonja, unaonja tena, kama mpishi asiyejua wageni wake wanapenda nini. Ulimi ukigusa chumvi tu, unashusha mbao na kukanyaga tope. Mwaka wa mvua unaweza kuonja mpaka ukashiba, chumvi isije. Mwaka wa ukame, utamu hupita kama salamu ya mtu mwenye haraka.

Na mwaka ninaowasimulia ulikuwa wa ukame. Mpunga wa watu ulikauka shamba kwa shamba. Lililobaki na miche ya kijani lilikuwa moja tu, la mwanamke aliyeitwa Siwatu, kwa sababu lilikuwa bondeni, na kwa sababu Siwatu hakuwa mtu wa kulala jua likiwa juu. Mbegu aliyoipanda ilikuwa ya mwisho. Ikifa ile, ndani hamkuwa na punje nyingine ya kupanda wala ya kupika, na ndani mlikuwa na mtoto mchanga. Siwatu alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Yuko kwenye arobaini, na mnajua mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, seuze kuingia mtoni.

Kwa hiyo lango lilimwangukia mumewe, Kindamba. Sasa Kindamba alikuwa mtu mwema, mcheshi, mrefu wa miguu, na nafikiri Mungu alipokuwa akimgawia akili aliielekeza yote huko huko miguuni. Kwa maana palikuwa na mchezo hapa Nyakindu. Wimbi la bamvua likipanda, wanaume walilikimbiza ukingoni, wao juu ya tuta na lenyewe mtoni, mpaka Fungu la Viboko, ule mchanga ulio katikati ya mto ambako wimbi hupasuka likafa. Anayefika kabla halijapasuka hubebwa mabegani mpaka kwake, akiimbiwa kama aliyeua simba. Kindamba alikuwa amebebwa mara nyingi. Alikuwa hajui kurudi nyumbani kwa miguu.

Asubuhi ile Siwatu alimwita.

"Baba Zena, leo lango ni lako."

"Nimesikia."

"Wimbi litapita. Wewe utabaki."

"Nimesikia, Mama Zena."

"Umesikia kwa masikio au kwa miguu?"

Kindamba akacheka. "Namwapia mtoto huyu, nitasimama pale kama nguzo."

Bi Kidawa, mkunga aliyekuwa akimlea mzazi, alikuwa anakoroga uji. Akasema bila kugeuka, "Ndiyo kwanza nione nguzo inayofanya mazoezi ya kukimbia tangu alfajiri."

Wakati wa alasiri mto ukanyamaza. Haukushuka wala haukupanda, ulisimama tu kama mtu aliyeitwa na asiyejua aliyemwita. Ndege wakaruka kwenye mikoko wote kwa pamoja. Mamba wakayavuta matumbo yao wakapanda juu zaidi topeni. Kisha miguu ya watu ikaanza kusikia kabla ya masikio: ardhi ilitetemeka taratibu, halafu ukaja mvumo, kama kijiji kizima kinatwanga kwenye vinu mbali huko. Watu wakashika vichwa. Waliokuwa wanakula wakatoka na matonge mkononi.

Likatokea. Mstari mweupe kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, na nyuma yake mto mzima umeinuka. Mbele yake maji ni tuli, nyuma yake ni mlima unaotembea. Lilikuwa kubwa kuliko lolote walilopata kuliona. Liliramba kingo zote mbili, likang'oa mizizi, likawatupa kambale juu ya tuta wakawa wanarukaruka miguuni mwa watu, na wanawake na vikapu vyao hawajui waokote au watazame. Kiboko mmoja aliibuka katikati, akapiga chafya, akaoshwa uso, akazama tena amekasirika. Vigelegele vilipigwa mpaka koo zikakauka. Na wakimbiaji hao, vumbi nyuma yao, wako sambamba nalo.

Nataka muwe waadilifu kwa Kindamba. Wimbi lilipopita langoni alifanya kazi yake barabara. Alichota, akaonja. Matamu. Akanyanyua mbao, na maji yakaingia mferejini yakikimbilia majaruba, na miche iliyokuwa imelegea ikaanza kuyumba kama imeamshwa usingizini. Akaonja tena. Matamu.

Sasa likishapita lango lao, mto hupinda sana. Wimbi huenda likazunguka njia ndefu, na wakimbiaji hukata katikati, wakapata nafasi ya kuvuta pumzi. Aliyekuja kuvuta pumzi langoni kwa Kindamba alikuwa Mbonde, mshindani wake wa miaka yote.

"Baba Zena, umeajiriwa na mbao?"

"Pita zako."

"Mwaka jana ulisema nina miguu ya bata."

"Unayo mpaka leo."

"Basi nimekuja kukuaga. Wimbi kama hili halikupata kuja, wala sidhani litakuja tena sisi tukiwa hai. Watakaponibeba nitawaambia wapite njia hii, upate kunipungia mkono."

Kindamba akaonja. Matamu. Akatazama mto. Kule nyuma ya mapindo mvumo ulikuwa unakaribia, na povu jeupe lilionekana juu ya matete. Akajisemea, nitafika kwenye ule mnazi tu, nilione linavyotoka, nirudi. Akafika kwenye mnazi. Akasema, mpaka kwenye ule mkunazi tu. Wajukuu zangu, hiyo "tu" imefukia watu wengi kuliko kipindupindu.

Kutoka mkunazini hakukuwa na kusema tena. Wimbi lilitoka kwenye mapindo likinguruma, naye yuko nalo ubavu kwa ubavu, manyunyu yanampiga shavu, tuta linatitia chini ya nyayo zake. Akawapita wa nyuma. Akawapita wa kati. Mbonde akageuka kuona ni nani anahema shingoni mwake, na kule kugeuka ndiko kulikomponza. Mbele yao Fungu la Viboko likaonekana. Wimbi likaanza kujikunja, likasimama wima kama ukuta uliopakwa chokaa, na kabla halijapasuka Kindamba alikuwa ameshafika, mikono juu, anapiga kelele zisizokuwa na neno. Likapasuka. Watu wote wakalowa, na hakuna aliyejali.

Huku nyumbani, Siwatu alikuwa amekaa na mtoto kifuani. Dungu lao, nyumba ya miti iliyoinuliwa juu ya nguzo, lilikuwa pembeni mwa shamba lile lile. Alisikia shangwe zikipita. Zikafika mbali. Kisha kutoka huko mbali upepo ukaleta sauti moja.

"Bi Kidawa, ile sauti ya nani?"

"Ya mtu."

"Mtu gani?"

Bi Kidawa akapuliza moto usiohitaji kupulizwa. "Ya nguzo," akasema.

Siwatu akasimama. "Nishikie mtoto."

"Mzazi hatoki. Maji yale ni baridi, yatakuingia tumboni. Na watu watasema nini?"

"Watasema wakishiba. Nishikie mtoto."

Akajifunga kanga kiunoni, akashuka ngazi, akakimbia juu ya tuta la shamba, ijapokuwa mwili ulikuwa bado haujawa wake. Akaingia mferejini, maji yakamfika kifuani. Akachota, akaonja. Chumvi. Si chumvi ya kubahatisha, chumvi ya kukunja uso. Akazikamata mbao, na maji yakazisukuma, akazilalia kwa kifua chake mpaka zikashuka. Akaanza kukanyaga tope, tope likachukuliwa, akakanyaga jingine. Mara akasikia miguu mingine inakanyaga pembeni yake. Alikuwa Bi Kidawa, yule mkatazaji, mtoto kamfunga mgongoni, anakanyaga tope kama anamkanyaga nyoka.

Lango likaziba. Majaruba ya juu yalikuwa na maji matamu. Ya chini, yaliyo karibu na mfereji, chumvi ilikuwa imeshaingia.

Ndipo wakaja. Ngoma mbele, Kindamba juu mabegani, Mbonde mwenyewe kamshika mguu mmoja, wanaimba. Na kwa kuwa Kindamba ndiye aliyekuwa juu, ndiye aliyeona kwanza: mkewe amekaa juu ya lango, ana tope mpaka shingoni, arobaini haijaisha.

"Nishusheni," akasema.

"Bado hatujafika, shujaa."

"Nishusheni."

"Msimshushe," akasema Siwatu. "Mleteni hivyo hivyo."

Wimbo ukafa kinywa kimoja baada ya kingine. Wakamleta. Siwatu akainama, akachota maji kwenye jaruba la chini, akainua kiganja.

"Baba Zena, umelifikisha wimbi salama?"

Kindamba akakitazama kile kiganja.

"Onja."

Akainama kutoka huko juu mabegani, akaonja.

"Vipi?"

"Chumvi," akasema Kindamba, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto wake.

Siwatu hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayewaambia watu saa ya kula, "Mkimbiza wimbi huacha lango wazi."

Bi Kidawa akamweka sawa mtoto mgongoni. "Miche haijafa bado," akasema. "Ikioshwa kwa maji ya kisima kabla ya jua la kesho, itapona. Na mabega yaliyombeba huyu naona hayajachoka."

Wakamshusha. Wote waliokuwa wakiimba wakachukua mitungi na madebe, wakapanga mstari kutoka kisimani hadi majarubani, wakayatoa maji ya chumvi kwa makopo na kuyatia matamu. Kindamba alikimbia safari zote, akirudi yuko mbioni tena, na hakuna aliyempigia ngoma. Sehemu ilikufa. Sehemu kubwa ilipona. Mpunga ule ulipovunwa, kila aliyebeba debe alipata mbegu, ndiyo maana Nyakindu bado inakula wali.

Sasa msidhani hadithi imeishia hapo, kwa sababu mtaondoka na fundisho la kukaa ndani tu, nami sipendi watu wa kukaa ndani.

Bamvua la kwanza baada ya arobaini kuisha lilikuja nalo likinguruma. Kindamba alikuwa langoni. Aliupa mto mgongo ili macho yasimponze, akachota, akaonja. Wakimbiaji wakapita nyuma yake, wakamwita kwa jina. Hakujibu, kinywa kilikuwa kimejaa maji. Wakamwita tena, wakacheka, wakamwambia ageuke aone nani anaongoza. Akageuka kidogo tu.

Mbele ya wanaume wote, kanga imefungwa kiunoni, akiwa ubavu kwa ubavu na wimbi, alikuwa Siwatu.

Kindamba akatema maji, akachota mengine, akaonja. Yalikuwa bado matamu, na yeye alikuwa bado pale.

Basi Mpili, nakuona unaitazama njia. Trekta bado limekwama, nenda ukalitazame, wala sikukatazi. Lakini kabla hujaondoka nijibu kwanza, sufuria ya mchana umemwachia nani? Kwa maana mkimbiza wimbi huacha lango wazi.