Kikohozi cha Korongoni

Sogeeni basi. Na wewe mwenye kimbelembele cha kujibu kabla hujaulizwa, leo utie ulimi mfukoni, maana nililonalo limewagombanisha watu wazima wenye akili zao.

Palikuwa na watu watatu ambao kazi yao ni kupima uhai. Si uhai wa mgonjwa kitandani, la, ni wa jamii nzima ya mnyama, ndege au chura. Kiumbe akiadimika, wao huitwa waseme: wapo wengi bado, wamo hatarini, wako ukingoni, au wametoweka. Neno hilo la mwisho waliliogopa kama mnavyoogopa kumzika mtu kabla hajakata roho. Likishatamkwa, walinzi hurudi makwao na hakuna anayetafuta tena. Kama kiumbe alikuwa bado anapumua, neno lenyewe humuua.

Mbonea alikuwa mtu wa hesabu. Mwambie ndege alionekana lini, mvua ilinyesha vipi, miti ipi imekatwa, naye atakwambia tumaini limebaki kiasi gani na limejificha wapi. Utani hajui.

Mndeme alikuwa mtu wa macho. Unyoya mmoja tu, anakutajia mwenyewe, jike au dume, kinda au mzee. Hujisifu mno, na hakosei, ndicho kinachoudhi.

Nakijwa alikuwa na sikio. Ndege hata mia wakilia pamoja, yeye anawachambua kama mchele, na anajua kuwaita kwa mluzi hadi wakaitika.

Basi wakaitwa kijiji kimoja cha milimani, Upareni. Juu ya kijiji kuna msitu uliofungwa kwa ajili ya ndege aitwaye mzilili, na vijana wa pale hawajapata kumwona.

"Wataalamu," akasema mwenyekiti, "mzilili akiwapo, msitu unabaki umefungwa. Kama hayupo, misumeno inaingia. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Na chemchemi ya msituni je?" mama mmoja akapaza sauti. "Badala ya maji tutakunywa vumbi la mbao?"

Desturi ya pale, jambo zito halitamkwi na midomo mitatu. Aliyechangia zaidi hukalishwa kitini mbele ya watu, akasema yeye peke yake, na wenzake hawampingi tena maisha yao yote.

Mbonea akapiga hesabu zake. "Wote waliotafuta walikwenda kileleni, tena kiangazi," akasema. "Kama yupo, yuko kwenye korongo la upande wa pili, wakati huu wa ukungu."

Wakashuka korongoni asubuhi. Loo, jamani! Ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni vidole vyake, na hakuna hata nyenje aliyelia. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye majani, wao wakawa wanageuka kila mara wakidhani kuna mtu nyuma. Nakijwa akapiga mluzi wa mzilili. Kimya. Akapiga tena.

Ukungu ukaitika. Zilii... zilii...

Mbonea, yule asiyejua utani, akatokwa na machozi.

"Ngojeni kwanza," Mndeme akanong'ona. Akajipenyeza, akafunua majani. Tawini alikaa kurumbiza, ndege mwizi wa sauti za wenzake. "Si mzilili. Tena huyu kinda, ana madoa ya utotoni. Wimbo huu kauokota mwaka huu huu."

"Kauokota kwa nani?" akauliza Mbonea.

Yule kinda akalia tena, zilii, zilii, kisha akakohoa.

Kikohozi cha mtu. Kikavu, kifupi, halafu kule kusafisha koo kwa uchovu. Mbonea na Mndeme walidhani ni tawi limevunjika. Nakijwa nywele zilimsimama. Kikohozi kile alilala nacho chumba kimoja utotoni. Kilikuwa cha mama yake, aliyemfundisha kazi, aliyepiga mluzi katika korongo hili msimu hadi msimu mpaka kifua kikammaliza. Mama alikufa kinda huyu hajatagwa, wala baba wa kinda. Kurumbiza walikuwa wakirithishana sauti ya marehemu, baba kwa mwana. Nakijwa alitamani kuitika, "Abee, mama." Akaziba mdomo kwa kanga.

Kumbe wimbo ule haukutoka kwa mzilili. Ulikuwa wa mama akimwita mzilili. Lakini mama hakuwa mjinga. Angerudi msimu hadi msimu mahali asipoitikiwa hata mara moja?

Nakijwa akawafuata wenzake, kikohozi kakifungia moyoni. Njiani wakaanza kugombea kiti.

"Bila hesabu yangu tungekuwa bado tunazunguka kileleni," alisema Mbonea. "Na palipobaki tumaini tumemkuta mwigaji tu. Nikikaa mimi, nitasema ametoweka. Walinzi wakalinde kiumbe aliye hai, wapo wengi wanaokufa kwa kukosa mlinzi."

"Bila macho yangu ungemlilia kurumbiza mpaka jioni," Mndeme akamcheka. "Nikikaa mimi, nitasema yupo. Dalili ya mvua ni mawingu. Kinda hafundishwi na maiti!"

Nakijwa akapunguza mwendo.

"Na wewe?" wakamuuliza.

"Bila mluzi wangu, ndege yule asingefungua mdomo, wala nyie msingekuwa na la kubishania."

"Sawa. Utasema nini?"

Akatazama mbele. Akikitaja kikohozi, hoja ya Mndeme imekufa, misumeno itaingia, na sauti ya mama itaanguka pamoja na miti. Akikificha, amedanganya kwa kazi ile ile aliyofundishwa na mama. Aliogopa, tena aliona uchungu, maana alikuwa amemzika mama mara moja na ilimtosha.

Uwanjani watu wamekwisha kaa. Mwenyekiti akagonga mgongo wa kiti kimoja kilichowekwa katikati. "Haya, nani anakaa?"

Nami nawaacha hapo hapo, wamesimama, na yule mama wa chemchemi anawatazama machoni. Sasa toa ulimi mfukoni, wewe. Mwenye hesabu, mwenye macho, mwenye sikio: ungemkalisha nani? Na ungekuwa wewe Nakijwa, na mama angekuwa wako, je, kile kikohozi ungekisema?